Uzito wa Chambo Bandia katika Uvuvi wa Besi

Nchini Marekani, uzito wa chambo cha kuvulia besi uliamuliwa zaidi na gurudumu la mshipi kuliko samaki mwenyewe. Gurudumu la Kentucky, la mapema karne ya 19, lilizungushwa na chambo kilichorushwa. Chambo chepesi hakikuweza kulivuta. Mvuvi alilibana taratibu kwa kidole gumba, la sivyo mshipi ulijisokota mafundo. Vyambo vya mti vya James Heddon wa Dowagiac, Michigan, vililifaa kwa uzito wake.

Mwaka 1905 Mwingereza Alfred Illingworth alipata hataza ya gurudumu lisilozunguka wakati wa kurusha. Lilipoenea Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hata gramu 5 zilirushika vizuri. Penye magugu mazito, hata hivyo, chambo kizito bado ndicho bora.