Transfoma ya vifaa vya umeme

Transfoma ya vifaa vya umeme ni chombo kinachopandisha au kushusha msongo wa umeme, yaani volti, ili kifaa kilichoundwa kwa msongo mmoja kitumike penye msongo mwingine. Nyumba na karakana za Tanzania hupata umeme wa volti 230, ambao mkondo wake hukamilisha mzunguko mara 50 kwa sekunde (Hz 50). Marekani hutumia volti 120 na Hz 60. Japani hutumia volti 100, kwa Hz 50 upande wa mashariki na Hz 60 upande wa magharibi. Kwa hiyo drili, blenda au msumeno wa mtumba unaonunuliwa sokoni Kariakoo huenda usilingane na soketi ya Dar es Salaam.

Umeme wa jiji

Umeme wa kwanza wa Dar es Salaam uliwekwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1908, ukihudumia karakana za reli na sehemu ya mji. Leo shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, husambaza umeme mitaani kwa msongo wa kilovolti 33 na 11. Transfoma za nguzoni huushusha hadi volti 400 za fezi tatu, ambazo kati ya fezi moja na nyutro hutoa volti 230. Transfoma ndogo ya dukani hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Jinsi inavyofanya kazi

Kanuni hiyo, iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, ni kwamba usumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Koili mbili huzungushwa kwenye kiini cha bati nyembamba za chuma. Koili ya kuingizia yenye mizunguko 460 ikipewa volti 230, koili ya kutolea yenye mizunguko 240 hutoa volti 120. Umeme wa betri, usiobadili mwelekeo, haupiti katika transfoma.

Aina

Transfoma ya koili mbili hutenganisha kifaa na umeme wa nyumba. Ototransfoma ina koili moja tu. Ni nyepesi na nafuu, lakini haina utengano huo. Kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza hutumika transfoma ya volti 110, ambayo katikati ya koili yake huunganishwa na ardhi. Mfanyakazi akigusa waya mmoja hukutana na volti 55 tu. Stebilaiza ni chombo tofauti: kazi yake ni kutuliza umeme unaopanda na kushuka.

Kuchagua ukubwa

Uwezo wa transfoma huandikwa kwa volti-ampea (VA). Grinda ya wati 1,200 kwa volti 120 huvuta takriban ampea 10, hivyo huhitaji transfoma ya VA 1,500 au zaidi. Friji na pampu ya maji huhitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu mota zake zinapowaka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Transfoma iliyozidiwa hupata joto, na hatimaye koili huungua.

Mipaka na tahadhari

Transfoma haibadilishi Hz. Mota yenye brashi za kaboni, kama ya drili, haiathiriki sana. Mota isiyo na brashi hizo iliyoundwa kwa Hz 60 huzunguka polepole kwa karibu asilimia 17 inapopewa Hz 50, na huweza kupata joto kupita kiasi.

Adapta ya plagi hubadili umbo la pini tu, haigusi volti. Pasi ya volti 120 na wati 1,000 ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 huvuta karibu wati 3,700, ikaungua au kuwasha moto. Chaja iliyoandikwa 100–240V na 50/60Hz haihitaji transfoma. Kibandiko cha kifaa ndicho husomwa kwanza: volti, kisha Hz, kisha wati.