Shina na Matawi: Habari za Kulinganisha Programu Huria katika Afrika ya Mashariki

Mbalizi ni mji mdogo ulio magharibi ya Mbeya, katika njia kuu iendayo Tunduma na Zambia. Pande hizo hupita pia reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Upana wa njia yake ni milimeta 1067, sawasawa na reli za Zambia na za nchi zilizo kusini yake. Reli ya Kati, ambayo asili yake ni ujenzi wa Wajerumani, ina upana wa milimeta 1000. Kwa hiyo behewa litokalo Mbeya laweza kuvuka mpaka wa Zambia bila taabu, lakini likifika Kidatu, ambako reli hizo mbili zakutana, haliwezi kuendelea kwenda Kilosa. Shehena yake hushushwa na kupakiwa katika behewa jingine. Tofauti yenyewe ni milimeta 67, haifiki hata upana wa kiganja cha mtu mzima.

Hapana aliyekosa. Kila mjenzi alipima njia yake kwa kuangalia majirani aliotaka kuungana nao. Mfano huu wafaa kutangulizwa, maana jambo tunalokusudia kulieleza ni la namna hiyo hiyo, ijapokuwa halionekani kwa macho: programu za kompyuta zinazotegemeana, ambazo kila moja ina watunzaji wake na mwendo wake.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya asili yamewekwa wazi, na kila mtu aruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Watunzaji wake huwa na shina moja, na kutoka katika shina hilo hutoa matawi. Tawi moja hutunzwa kwa ajili ya toleo linalotumika, nalo hupewa marekebisho ya makosa tu. Jingine ni la kujaribia mambo mapya. Kazi ni nyepesi maadamu programu ni moja. Ugumu huanza programu ya pili inapojengwa juu ya ya kwanza, na ya tatu juu ya ya pili, wala hakuna bwana mmoja anayeziamuru zote.

Mfano bora katika nchi zetu ni OpenMRS, programu ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa. Kabla yake, mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot huko Kenya kilikwisha kuanza kuweka kumbukumbu hizo kwa kompyuta. OpenMRS yenyewe ilianza kubuniwa mwaka 2004, ikaanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ikafika Rwinkwavu katika Rwanda. Waliobuni walijua kwamba mahitaji ya Eldoret hayatakuwa sawa na ya Rwinkwavu. Kwa sababu hiyo walifanya kiini kidogo, na mengine yote wakayaacha yawe moduli, yaani vipande vinavyopachikwa juu ya kiini. Kila moduli hutangaza katika maandishi yake yahitaji kiini cha toleo gani, na yategemea moduli zipi nyingine. Baadaye nchi zikajikusanyia mafungu yao: Kenya ikapata KenyaEMR, na Uganda ikapata UgandaEMR.

Mpango huu ulitiwa katika mtihani mwaka 2014. Toleo la 1.10 la kiini lilipanga upya namna ya kuandika maagizo ya dawa. Badiliko lenyewe lilikuwa la haki, kwa kuwa mpango wa zamani haukutosha. Lakini moduli iliyozoea maagizo ya namna ya kale haikuweza kuyasoma ya namna mpya. Watunzaji wa moduli wakawa na njia tatu. Wangeweza kubaki na kiini cha zamani, na hivyo kukosa marekebisho yote yajayo. Wangeweza kuhamia kiini kipya, na hivyo kuwaacha waliokuwa bado hawajahama. Au wangeweza kutumikia vyote viwili kwa wakati mmoja. Moduli nyingi zilifuata njia ya tatu. Ndani ya moduli moja kukawekwa vipande viwili au zaidi, kila kimoja kwa toleo lake la kiini, na programu ilipowashwa ilitazama imekaa juu ya kiini gani, ikachukua kipande kinachofaa. Toleo la 2.0 lilipotoka mwaka 2016, moduli zikahitaji matengenezo mengine.

Njia hiyo yasifika, lakini ina gharama, na gharama hiyo haimwangukii aliyeleta badiliko. Humwangukia mtunzaji wa moduli, na baada yake humwangukia mganga. Zahanati yenye kompyuta yake yenyewe haipati toleo jipya mpaka mtu aende kuliweka. Ikiwa mganga ataka kuona dawa alizopewa mgonjwa mwaka jana, na moduli yake haielewani na kiini, kwake yeye habari hiyo ni kama haipo.

Wasomaji wa jarida hili watatambua kwamba lugha nayo ilipita njia hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kusudi lilikuwa kwamba kitabu kilichopigwa chapa katika nchi moja kisomeke katika nyingine. Lahaja hazikufa kwa hayo. Kimvita kiliendelea kutungiwa mashairi. Kulingana si kufanana. Waliohitaji kukubaliana walihitaji kukubaliana mahali pa kukutana tu: katika tahajia, katika vitabu vya shule, katika maneno ya kazi.

Tena mambo haya mawili, lugha na programu, yalikutana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini tafsiri ya programu si kama tafsiri ya kitabu, ambayo ikiisha imekwisha. Kila sentensi ya Kiswahili imefungwa na sentensi moja ya Kiingereza katika toleo moja. Asili ikibadilishwa, tafsiri yake huachwa, na Kiingereza hurudi mahali pake. OpenOffice.org ilitoa toleo lake la pili mwaka 2005, na mwaka 2010 LibreOffice ikajitenga nayo ikawa mti mwingine. Mfasiri asiyefuata nyayo za asili kila toleo hujikuta ana msamiati mzuri usio na mahali pa kukaa.

Katika habari hizi twaona jambo moja. Matawi hayatengani kwa siku moja, wala kwa nia mbaya. Hutengana kwa mabadiliko madogo ambayo kila moja lina sababu yake. Kuyapatanisha kila mwezi ni kazi ndogo ya kuchosha. Kuyapatanisha baada ya miaka kumi ni kazi kubwa, na mara nyingine haiwezekani. Mradi wa programu hupata fedha ya kuanzisha kwa urahisi kuliko fedha ya kutunza. Basi anayeanzisha mradi wa namna hii, uwe wa hospitali au wa lugha, yafaa aandike tangu mwanzo ni nani atakayesoma mabadiliko ya shina, atayajaribu lini, na atalipwa na nani. Reli za Kidatu zilikosa mtu huyo. Na tangu mwaka 2024 Tanzania inasafirisha abiria katika reli ya upana wa tatu, wa milimeta 1435.