Tumbawe jeupe huenda bado liko hai

Mwishoni mwa kaskazi, kati ya Machi na Mei, wavuvi na akina mama wanaotafuta pweza kwenye miamba ya Mkinga, Tanga, Muheza na Pangani huweza kukuta matumbawe yamegeuka meupe kama chokaa. Wengi husema yamekufa. Wakati mwingine ni kweli, lakini si kila mara, na anayeyakanyaga au kuyavunja kwa kudhani ni mawe matupu anaweza kuyamalizia.

Tumbawe ni wanyama wadogo wengi wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya nyama yao unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo ndio unaowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani wake. Hapo linapauka. Lina njaa, lakini bado linaishi, na maji yakipoa mapema mwani hurudi.

Mwaka 1998 joto la El Nino lilipausha matumbawe karibu Bahari ya Hindi yote ya magharibi, Tanzania ikiwemo, na mengi hayakupona. Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba dunia nzima imo tena katika upaukaji, wa nne kurekodiwa.

Utajuaje kama liko hai? Liangalie kwa karibu, bila kulishika. Tumbawe lililopauka ni safi, linang'aa, na ukitulia utaona nyama nyembamba juu yake. Lililokufa huanza kuota utando wa kijani au wa kahawia, kama kamba iliyosahauliwa majini.

Joto si sababu pekee. Ukikuta doa jeupe lenye mpaka mkali, huku pembeni tumbawe lina rangi yake ya kawaida, tafuta chini ya mwamba kiti cha pweza mwenye miiba mirefu na mikono zaidi ya kumi. Huyo hula nyama ya tumbawe. Usimshike kwa mkono mtupu, miiba yake ina sumu.

Karibu na midomo ya mito, kama Pangani, Zigi na Umba, tatizo mara nyingi ni tope la masika. Tumbawe hufunikwa na vumbi la kijivu, hutoa ute mwingi kujisafisha, na huanza kufa sehemu za chini ambako tope hutulia. Dawa ya hilo haiko baharini, iko mashambani na kwenye kingo za mito.

Baruti haifichiki. Utakuta vipande vimetawanyika kwenye duara na katikati pametifuka. Hapa hasara ni kubwa kuliko ya joto, kwa sababu tumbawe lililopauka huacha mwamba umesimama na wadogo wapya wanaweza kujishikiza, ila kwenye kifusi kinachoviringishwa na mawimbi hawapati pa kushika. Miaka mingi hupita bila samaki kurudi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti, na kila mvuvi analijua hilo.

Ukiona weupe, piga picha kwa simu wakati wa bamvua maji yakiwa yametoka. Andika tarehe na jina la mwamba mnalolitumia kijijini, kisha mpelekee afisa uvuvi au viongozi wa BMU. Rudi bamvua linalofuata, takriban siku kumi na tano baadaye, upige tena ukiwa umesimama palepale. Wakati huo msiburute juya hapo na msitie nanga juu ya mwamba. Mchangani panatosha.