Bastola ya Mjomba, Bastola ya Kimathi

Wezi walipovunja duka la mjomba hapa Sigalagala, walichukua pesa za M-Pesa, simu mbili na usingizi wake. Pesa zilirudi polepole. Simu alinunua nyingine. Usingizi bado.

Nilipofika nyumbani Desemba, hata chai sijamaliza, akanisukumia simu yake mezani. "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi. Nichagulie."

Kwenye skrini kulikuwa na rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka. Ndogo, risasi tano, mtutu mfupi. Mjomba alikuwa ameshafanya hesabu zake. Inakaa ndani ya koti bila mtu kujua. Haina magazini ya kukwama. Halafu kule Kirigiti, Kiambu, kuna uwanja ambapo mwenye leseni anaenda kujifunza kulenga.

Nilimjibu kwa kile ninachokijua. Bastola ikiwa ndogo na nyepesi, ndivyo inavyorusha mkono ikilia. Mtutu mfupi unafanya kulenga kuwe kugumu, na kosa dogo la kidole linaipeleka risasi mbali na shabaha. Kwa hiyo ile iliyo rahisi kufichwa ndiyo inayohitaji mazoezi mengi, na ndiyo inayochosha mkono haraka ukifanya mazoezi. Wengi wanainunua, wanapiga risasi chache, kisha inalala kabatini. Kama ni lazima, afadhali yenye uzito kidogo, ambayo mtu ataweza kuizoea.

Akatikisa kichwa, ameridhika. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria rivolva nyingine.

Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, karibu na Nyeri, askari aliyeitwa Ndirangu Mau alimpiga Dedan Kimathi risasi ya mguu. Kiunoni mwa Kimathi walikuta rivolva ya .38. Mtu aliyeongoza vita msituni kwa miaka alipelekwa mahakamani, na shtaka halikuwa vita wala mauaji. Lilikuwa kupatikana na bastola na risasi bila kibali. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor alisikiliza kesi hiyo Nyeri mwezi wa Novemba. Kimathi alisema alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Hakuaminiwa. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa Kamiti.

Ukipita Kimathi Street jijini Nairobi, sanamu yake imeshika bunduki na jambia. Ile rivolva iliyomfikisha kwenye kitanzi haiko mkononi.

Hakuwa peke yake. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na hadi inaisha zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa. Wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Kosa lilikuwa silaha, risasi, au kuonekana pamoja na wapiganaji. Wakati huohuo, walowezi kule kwenye mashamba walikula chakula cha jioni bastola ikiwa kando ya sahani, na wake zao walizibeba kwenye mikoba. Mlowezi akipoteza bastola yake kwa uzembe, alitozwa faini. Mwafrika akipatikana nayo, kitanzi. Chuma ni kilekile; kilichobadilika ni kiuno kilichokibeba.

Na usidhani ni hadithi ya Mlima Kenya tu. Huku kwetu Magharibi mambo haya yalianza mapema zaidi. Mwaka wa 1895, Mwingereza Charles Hobley, akiwa Mumias, aliwataka Wabukusu warudishe bunduki zilizokuwa mikononi mwao. Walikataa. Agosti mwaka huo vita vikapiganwa Lumboka na Chetambe, na ngome zikaanguka. Miaka 36 baadaye, 1931, dhahabu ikapatikana Kakamega, Wazungu wakamiminika, na mwaka uliofuata sheria iliyolinda ardhi ya Waafrika ikabadilishwa ili machimbo yapite. Watu ambao bunduki zao zilikuwa zimechukuliwa zamani wangebisha na nini?

Hata Sheria ya Silaha tunayotumia leo, Sura ya 114, ilizaliwa wakati wa ile Hali ya Hatari. Imerekebishwa mara nyingi, lakini swali lake la msingi ni lilelile: una sababu gani ya maana ya kubeba? Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita wenye leseni wote wahakikiwe upya. Maana yake, leseni si mali yako. Umeazimwa.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, kwa upole, "Sasa wewe unasema nibaki mikono mitupu, hao vijana warudi?"

Hapo nilikwama, na sitadanganya kwamba nilikuwa na jibu. Ni rahisi kumpa mtu historia wakati wewe unalala vizuri. Yeye anaogopa kweli, na mlango ulivunjwa kweli. Kumwambia kwamba sheria hii ilitoka kwa mkoloni hakumrudishii usingizi.

Kwa hiyo nilimuuliza swali moja tu: "Usiku itakuwa inalala wapi?"

Alitazama sebuleni. Wajukuu watatu walikuwa wanafungua kila droo wakitafuta chaja.

Hakunijibu. Kesho yake tulienda Kakamega mjini tukanunua kufuli mbili nzito na taa ya nje ya sola. Fomu ya leseni bado iko mezani kwake, chini ya kitabu cha madeni. Ameandika jina na namba ya kitambulisho. Pale pa sababu hajaandika kitu, na nimemwahidi kwamba siku akiamua, nitakaa naye tuijaze pamoja.