Wahudumu wa simu za dharura: Sauti inayookoa wengine nayo yahitaji kutunzwa

AJALI inapotokea, sifa humwendea dereva wa ambulensi aliyepenya katikati ya msongamano wa magari, au mzimamoto aliyejitosa ndani ya moshi. Ni nadra kukumbukwa mtu aliyewatangulia wote hao kufika, naye ni mhudumu aliyepokea simu. Yeye hufika kwa sikio. Huusikia mkasa ungali unatendeka, na katika dakika zile za kwanza hana kifaa kingine cha kumsaidia majeruhi ila sauti yake.

Kazi hiyo huhitaji mafunzo maalum. Aidha, huacha makovu yasiyoonekana, na vituo vinavyoajiri wahudumu bila kuwapa mafunzo na msaada wa kutosha huwapoteza wafanyakazi na wakati mwingine huwapoteza wagonjwa.

Chimbuko la huduma yenyewe ni msiba. Mnamo Novemba 1935, moto ulizuka katika nyumba moja mtaani Wimpole, jijini London, na wanawake watano wakafariki. Jirani aliyejaribu kuwaita wazimamoto alijikuta akisubiri kwenye foleni ya simu za kawaida. Malalamiko yaliyofuata yalichangia kuanzishwa kwa nambari 999 jijini humo Juni 30, 1937. Nchini Marekani, simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Februari 16, 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama.

Nchini Kenya, huduma ya 999 ilikoma mwaka wa 1998, ikarejeshwa 2013, miaka 15 baadaye. Leo polisi hupatikana kupitia 999, 112 na 911. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu kwa 1199, watoto wanaodhulumiwa husaidiwa kupitia 116, na waathiriwa wa dhuluma za kijinsia kupitia 1195. Nyuma ya kila mojawapo ya nambari hizo ameketi binadamu anayesikiliza.

Kutoka karani hadi mwokoaji

Kwa miaka mingi, mhudumu wa simu alichukuliwa kuwa karani tu. Aliandika jina na mahali, akawaarifu walio barabarani, kisha akakata simu. Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Dkt Jeff Clawson wa mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah nchini Marekani, alipotunga kadi zenye maswali yaliyopangwa kwa kila aina ya dharura, pamoja na maagizo ya kumpa mpigaji kabla ya ambulensi kufika. Mapema miaka ya 1980, wahudumu wa wilaya ya King, jimbo la Washington, walianza kuwaelekeza wapigaji jinsi ya kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Utaratibu wa aina hiyo sasa hutumika katika mataifa mengi.

Kadi hizo humsaidia mgonjwa, lakini pia humkinga mhudumu. Asiye na utaratibu hulazimika kubuni la kusema huku mtu akipiga mayowe masikioni mwake, na mambo yakienda mrama hubaki akijilaumu. Aliyefuata utaratibu uliopimwa na madaktari anajua kwamba alitenda lililopasa kutendwa.

Mafunzo mema huanza na mpangilio wa maswali. Swali la kwanza ni mahali, kisha nambari ya simu, halafu tukio lenyewe. Sababu ni bayana: simu ikikatika baada ya swali la kwanza, angalau gari la kuokoa lina pa kwenda. Nchini Kenya, swali hilo ni gumu kuliko linavyodhaniwa. Nyumba nyingi hazina nambari wala barabara nyingi majina. Mpigaji husema yuko nyuma ya kanisa, mkabala na posho mill au hatua chache kutoka stendi ya bodaboda. Mhudumu hana budi kuyajua maeneo, kuielewa Sheng, na kumpata upesi mwenzake anayeifahamu lugha ya mama ya mpigaji.

Somo la pili ni kumtuliza aliyechanganyikiwa. Wakufunzi hufundisha mbinu ya kurudia agizo moja, kwa maneno yale yale na sauti ile ile ya utulivu, hadi mpigaji alisikie. Kumfokea humzidishia hofu. Akishatulia, huelekezwa kuweka viganja katikati ya kifua cha mtu mzima, akandamize kwa nguvu hadi kifua kibonyee angalau sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mhudumu akimhesabia.

Masomo hayo hayaishii darasani. Mwanagenzi husikiliza simu zilizorekodiwa, huigiza mikasa pamoja na wakufunzi, kisha huketi kando ya mzoefu kwa muda kabla ya kuachiwa simu peke yake. Hata baada ya kuhitimu, hurejea mara kwa mara kunoa ujuzi, kwani maagizo ya kitabibu hubadilika.

Kiini cha uchungu

Wengi huuliza jinsi mtu anavyoweza kuumizwa na tukio ambalo hakuliona. Jibu limo katika hali ya kazi yenyewe. Kwanza, mhudumu husikia bila kuona, na akili hujaza picha iliyokosekana, aghalabu ya kutisha kuliko uhalisi. Pili, hana uwezo wa kunyoosha mkono. Tatu, hajui mwisho wa hadithi: ambulensi ikifika simu hukatwa, na hapati habari iwapo mtoto aliyekuwa akikabwa na chakula alipona au la. Nne, hapewi nafasi ya kupumua. Simu inayofuata huita papo hapo, na huenda ikawa ya mzaha au ya mtu anayemtukana kwa kuchelewa kwa gari lisilo mikononi mwake.

Watafiti wawili wa Marekani, Heather Pierce na Michelle Lilly, walichapisha mwaka wa 2012 utafiti uliohusisha wahudumu 171. Miongoni mwa simu ambazo wahudumu hao walizitaja kuwa mbaya zaidi maishani mwao, zilizojitokeza sana ni zile za kuumia au kufariki kwa mtoto bila kutarajiwa. Mwaka uliofuata, toleo la tano la mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani lilitambua kuwa mtu anayekabiliwa mara kwa mara na maelezo ya kutisha kazini anaweza kupatwa na kiwewe, hata kama hakuwepo palipotukia mkasa.

Licha ya hayo, orodha rasmi ya kazi ya Marekani ya mwaka wa 2018 iliendelea kuwaweka wahudumu hao katika kundi la makarani wa ofisi. Vyama vyao vimekuwa vikipinga uamuzi huo, kwa kuwa jina la kazi huathiri mafunzo, marupurupu na heshima ambayo mtu hupewa.

Dalili za kulemewa hazijifichi kwa anayezitafuta. Mhudumu hukosa usingizi, hushtuka kila simu ya nyumbani inapolia, huwa mkali kwa wapigaji, huanza kukosa zamu au hutafuta faraja katika pombe.

Msaada unaofaa

Nia njema pekee haitoshi katika kuwasaidia. Mwaka wa 1983, Jeffrey Mitchell wa Marekani alipendekeza kikao cha pamoja baada ya mkasa, ambapo wahusika husimulia yaliyowapata. Mtindo huo ulienea kote duniani. Hata hivyo, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka wa 2002 hayakupata ushahidi kwamba kikao kimoja cha kumsimulisha mtu mmoja mmoja huzuia kiwewe, na yakashauri watu wasilazimishwe kushiriki. Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake lilitoa mwongozo mwaka wa 2011 unaohimiza huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo nguzo zake ni kutazama, kusikiliza na kuunganisha: kumtazama aliyeathirika na mahitaji yake, kumsikiliza bila kumshurutisha, na kumuunganisha na msaada zaidi.

Katika kituo cha simu, nguzo hizo hugeuka kuwa mambo mepesi kutekeleza. Msimamizi humwondoa mhudumu kwenye simu kwa muda baada ya mkasa mzito, bila kungoja aombe. Wenzake waliofunzwa kusikiliza humkaribia, kwa maana ni rahisi kumfungulia moyo mtu anayeijua kazi. Mshauri nasaha hupatikana kwa siri, ili anayemwendea asiogope kuonekana dhaifu au kupokonywa cheo. Zamu za usiku hupangwa kwa zamu na kwa haki, zikiacha muda wa kulala. Zaidi ya yote, kituo huweka njia ya kumrudishia habari: hospitali au wahudumu wa ambulensi hueleza yaliyojiri, bila kutaja siri za mgonjwa. Habari hata ikiwa ya huzuni, angalau hufunga ukurasa.

Hatua hizo hazina gharama kubwa zikilinganishwa na bei ya mitambo na magari. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Katiba hiyo hiyo ilizipa serikali za kaunti jukumu la ambulensi na zimamoto, huku polisi wakibaki chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo, simu moja ya ajali barabarani yaweza kumlazimu mhudumu kuwatafuta watu wa idara tatu tofauti. Sera ya Kitaifa ya Matibabu ya Dharura ya 2020–2030 inalenga kuupanga mfumo huo upya.

Kaunti zinapoendelea kununua ambulensi na kufungua vituo vya kuziratibu, zingefanya vyema kutenga fungu la mafunzo na ushauri nasaha tangu siku ya kwanza. Gari hutengenezwa likiharibika. Mhudumu aliyelemewa hukosea mahali, husahau swali, au huacha kazi akiwa ameanza tu kuimudu, na gharama ya kosa hilo hulipwa na mgonjwa anayesubiri upande wa pili wa simu.