Duka la Mtaa Tanzania Bara

Maduka ya rejareja yalisambaa bara yakifuata njia za misafara, kisha reli. Allidina Visram, mfanyabiashara mzaliwa wa Kutch, India, aliyefariki mwaka 1916, alianzia Bagamoyo na kufungua matawi hadi Uganda. Wenye maduka waliuza nguo na chumvi, wakanunua mazao ya wakulima.

Mwaka 1976 serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili ya ushirika yashike nafasi. Ilikuwa hatua ya pupa. Bidhaa ziliadimika, ikabidi isitishwe. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia 1984, maduka ya watu binafsi yaliongezeka tena. Nguvu yake, iliyodharauliwa mno, ni kuuza kidogo kidogo: sukari robo, mafuta ya kupima, na daftari la madeni kwa jirani anayesubiri mshahara.