Uwanja wa Ndege wa Zamani wa Mbeya
Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways, zilizobeba barua na abiria kati ya London na Cape Town, zilikuwa zikitua Mbeya baada ya Dodoma na kabla ya Mpika. Uwanja huo uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Makazi na milima viliacha nafasi finyu ya kuirefusha. Desemba 2012 safari zilihamia Songwe, kwenye njia ya takriban kilomita 3.3. Ndege kubwa zikaweza kutua, ingawa mtalii aendaye Kitulo aliongezewa mwendo wa barabara.